Mikia Thelathini

Siku ya tatu tangu Kabemba avunjike paja, muuguzi wa zamu alimwambia Mwadi, kwa mara ya nne, kwamba mgonjwa hataingia chumba cha upasuaji bila boni. Boni ni karatasi moja tu yenye muhuri, ambayo kwayo mwajiri anaiambia hospitali: mtibuni huyu, sisi tutalipa. Ni nyepesi, hata kufungia sabuni haifai. Lakini hapa Kolwezi mtu anaweza kuoza akiwa hai kwa kuikosa karatasi hiyo, na watu wenye makoti meupe wakapita kando ya kitanda chake wakitazama saa zao.

"Si miye, mama," muuguzi alisema, na kweli hakuwa mtu mbaya. "Docta anasema kesho njo mwisho. Kesho ikipita, ule muguu hautanyooka tena. Banaweza hata kuukata."

Mwadi alimtazama mumewe. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na wamemfungia jiwe lililoviringishwa kwenye kitambaa ili liuvute. Alikuwa macho, anayatafuna maumivu yake kimya kimya. Mwadi alimfuta jasho, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka kwenda depo ya soda na bia, ambako Kabemba ni dereva wa lori.

Kwenye lango la depo kuna ubao mweusi ambao wageni wote huuona kwanza. Siku hiyo uliandikwa kwa chaki: SIKU 217 BILA AJALI. Kila asubuhi mlinzi, mzee Mukuna, hufuta namba kwa kitambaa na kuongeza moja. Jumatatu, siku ambayo lori la Kabemba lilipinduka njia ya Kasaji, ubao ulisema 215. Mwadi alisoma, akasoma tena. Mumewe amelala na jiwe limefungwa mguuni, na hawa wanaendelea kuhesabu.

"Banasema niandike, Mama Falonne," Mukuna alimwambia Mwadi kabla hajaulizwa, akageukia upande mwingine.

Ndani, Mwadi alikalishwa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano kasorobo. Watu walipita na mafaili, wakamsalimu kwa adabu, wakaendelea. Msichana wa mapokezi alimletea maji, halafu akamwomba asogee kidogo kwa sababu mgeni wa mgodini anataka kukaa. Mwadi alisogea. Mgeni hakukaa.

Bwana Beya, mkuu wa wafanyakazi, alimpokea akiwa na feni inayopuliza upande wake tu. Kando ya meza alisimama Mechack, shefu wa parki, yule anayepanga malori na madereva. Mechack hakumtazama. Beya alisema kampuni inasikitika sana, kisha akafungua faili. Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba chini ya kiti cha kila dereva kuna kisanduku. Injini ikiwaka na mkanda haujaingizwa mahali pake, kisanduku kinalia bip, na baada ya dakika moja kinapeleka jina la dereva hapa ofisini na kule mgodini. Mgodi ndio mteja mkubwa wa depo, na haupokei soda wala maji kutoka kwa kampuni ambayo madereva wake hawafungi mikanda. Kwa hiyo bip tatu kwa mwezi, dereva anapoteza marupurupu yake.

Mwadi aliyajua hayo yote. Alikuwa amelala kitanda kimoja na dereva wa kisanduku hicho mwaka mzima.

"Mashini inasema mukaba ilifungwa," Beya alisema. "Mwili unasema haikufungwa. Kati ya mashini na mwili, bwana yako njo alidanganya. Ile ni kosa kubwa. Mutu wa kosa kubwa, kampuni haimutoleake boni."

Akatoa kwenye droo mfuko wa plastiki na kuuweka mezani. Ndani mlikuwa na ulimi wa chuma, ule unaoingia kwenye kifungio cha mkanda wa gari, umekatwa kutoka kwenye mkanda wake. Badala ya mkanda, umeshonewa kipande kifupi cha kitambaa, urefu wa kidole, cha kuuvutia. Kifaa hicho madereva wanakiita mkia. Ukikichomeka, kisanduku kinadhani mtu amefungwa, nawe umekaa huru kama uko sebuleni kwako. Ukiona polisi mbele, au wakaguzi wa mgodi, unauvuta mkia na kuchomeka mkanda wa kweli.

"Mama, unajua hii kitu?"

Mwadi aliutazama mshono. Uzi mwekundu, umepita mara mbili na kukatiza katikati, kama yeye mwenyewe, fundi wa cherehani, anavyoshona mikanda ya mabegi ya shule ili isikatike hata mtoto akibebea mawe. Kolwezi nzima hakuna mtu mwingine anayeshona hivyo. Aliinua macho kumtafuta Mechack, na Mechack akawa anachunguza viatu vyake.

Maana ni Mechack aliyeileta kazi hiyo. Alifika Kapata, mtaa wa akina Mwadi, mwaka jana na gunia la ndimi za chuma kutoka kwenye magari mabovu, akakaa kwenye kiti cha nyumbani kwa Mwadi, akanywa maji yake, akamwambia Mama Falonne, wewe unashona vizuri, nishonee thelathini. Ofisi ilikuwa imeongeza orodha ya maduka kutoka ishirini na manane kwa siku hadi arobaini na matano. Dereva anasimama, anafungua mkanda, anashuka, anahesabu makreti, anapanda, anafunga, anaendesha mita mia mbili, anafungua tena. Mtu wa mkanda hamalizi maduka arobaini na matano, na asiyemaliza anafukuzwa. Basi Mwadi akashona, faranga elfu mbili kwa kila mkia. Na, kusema ukweli, alijivunia. Kabemba alipojaribu wa kwanza na kisanduku kikanyamaza, walicheka wote wawili, wakasema mashine ya Wazungu imepigwa bao na cherehani ya Kapata.

"Sijui," Mwadi alimjibu Beya. Alijichukia kabla neno halijaisha mdomoni.

Alasiri hiyo Mechack alikuja nyumbani. Alikuja kwa miguu, akaacha gari la kazi mbali, na begani alikuwa na mfuko wa unga wa mahindi kama anayekuja msibani. Aliuweka chini karibu na cherehani, akauliza habari za mgonjwa, akakaa kwenye kiti kilekile. Halafu akatoa karatasi.

Falonne, binti yao wa mwaka wa mwisho sekondari, ndiye aliyeisoma, kwa sababu ilikuwa ya Kifaransa. Alisoma kwa sauti na kutafsiri, na kadiri alivyosoma sauti yake ikawa inapungua. Karatasi ilisema kwamba Kabemba na mke wake walibuni vifaa hivyo wenyewe, wakavitengeneza nyumbani kwao, wakawauzia madereva wengine kwa siri, na kwamba uongozi haukujua lolote. Kwa hiyo Kabemba anaacha kazi kwa hiari yake na hatadai kitu. Chini kabisa ilisema kwamba kampuni, kwa huruma, itatoa boni ya upasuaji mmoja.

"Tia mukono apa chini, Mama Falonne," Mechack alisema. "Kesho asubuhi unapata boni, saa ine anapasuliwa. Mi nilisumbuka sana juu ya kuipata hii karatasi."

"Ni weye ulileta bile bipande mu hii nyumba," Mwadi alisema. "Ulikaa apo, pa ile kiti."

"Nani atasema? Kuko karatasi? Kuko mushahidi?" Hakuwa anatisha. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa maneno hayohayo na mkubwa wake. "Na miye niko na batoto, mama. Chagula. Ni muguu ao ni kiburi."

Kiburi. Mwadi alilisikia neno hilo likiingia na kukaa. Mtu ameletewa chuma nyumbani kwake, ameshona alichoombwa, mumewe amevunjika akibeba makreti yao, na sasa akisita kujiita mwizi, anaitwa mwenye kiburi. Alitaka kumrushia ule unga wote usoni. Lakini mguu ulikuwa wa Kabemba, si wake, na mwisho ulikuwa kesho. Alimwambia Mechack aiache karatasi, ataipeleka mwenyewe asubuhi. Mechack alishukuru. Mwizi wa watu, alishukuru.

Saa ya kutembelea wagonjwa, Mwadi alimweleza mumewe yote, akiinama karibu na sikio lake ili wa kitanda cha jirani wasisikie. Alisema atatia mkono, hana namna.

Lori halikuwa likienda kasi, hilo walikuwa wameambiwa na Nasoro, jirani yao na dereva mwenzake, aliyekuwa nyuma yake na ndiye aliyemtoa chini ya makreti. Kabemba alikwepa baiskeli ya mkaa, gurudumu likaingia mfereji, lori likalala ubavu polepole. Mlango ukafunguka, akatupwa nje, makreti yakamfuata. Ile kabini haikubonyea hata mahali pamoja. Chupa yake ya chai, ambayo huibana nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, Nasoro aliikuta haijapasuka, na chai bado ya moto. Chupa ilikuwa imefungwa, mtu hakufungwa.

"Ulishona muzuri sana," Kabemba alisema. "Njo shida. Kama ulishona mubaya, ingechomoka, ile bip ingenisumbua, ningefunga mukaba."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama fundi anayemsifu fundi mwenzake, na ndiyo maana ikamuuma Mwadi kuliko tusi lolote.

"Nasoro alitoshaka yake?" Kabemba aliuliza tena, kama mwenzake ameuondoa mkia wake.

"Sijui."

"Muulize. Eko na batoto tano."

Mwadi alirudi Kapata akiwa na swali hilo tu, lakini Nasoro hakumkuta nyumbani. Tangu asubuhi alikuwa akifikiria mkia mmoja, ule wa kwenye plastiki. Alikuwa amesahau, au alijisahaulisha, kwamba alishona thelathini. Barabarani kulikuwa na mingine ishirini na tisa, yote uzi mwekundu, yote imara, na karatasi ya Mechack haikutaja kwamba hata mmoja utaondolewa. Hapo ndipo hasira yake ilipopata mahali pa kwenda.

Alifika depo saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza. Mkononi alikuwa na mfuko wa kushonea, ndani mkasi wake mkubwa wa kukatia jinzi na ile karatasi. Mukuna alimfungulia lango bila kuuliza kitu, kwa kuwa Mwadi ndiye anayeshona ovaroli za madereva na huingia humo kila wiki. Malori yalikuwa yamepangwa mstari, yamekwisha kupakiwa, injini zinanguruma ili kujaza upepo wa breki. Madereva walikuwa ndani ya kabini zao wakila mikate.

Alipanda kwenye lori la kwanza, la Tata Kazadi, dereva mzee kuliko wote.

"Mama, unatafuta nini mu kamyo yangu?"

"Kitu yangu," Mwadi alisema. "Niliishona ni miye."

Kazadi aliutazama mkasi, akamtazama yeye. Kisha akainua kiwiko chake kumpisha. Mwadi alipenyeza mkono, akauvuta mkia, na kisanduku kikaanza: bip, bip, bip. Alikata mshono wake mwenyewe mbele ya macho ya mzee, akatia chuma kwenye mfuko, akashuka.

Lori la tatu lilikuwa la kijana mgeni kazini, naye alikataa. Alisema mama anataka kumlia marupurupu yake, ana kodi ya nyumba. Mwadi hakubishana naye sana. "Kabemba eko kitanda ya pili, upande ya dirisha," alimwambia. "Enda umuangalie kwanza. Kisha ukuye unikatalie." Kijana alikaa akitafuna mkate wake, kisha akauchomoa mkia mwenyewe na kumtupia kupitia dirishani. Baada ya hapo hakuna aliyekataa. Wengine walikuwa wameushika mkononi kabla hajafika, na wengine hawakumtazama usoni.

Malori ishirini na matano yalikuwa yanalia kwa pamoja, na kelele hiyo ilipita ukuta wa depo mpaka mama wauza chapati wa ng'ambo ya barabara wakasimama kutazama. Dereva angeweza kuzima kelele yake kwa kuvuta mkanda tu na kuufunga. Hakufanya hivyo hata mmoja. Walikaa wamefungua milango, mikono magotini, wakiacha mashine ipeleke majina yao kokote inakopeleka.

Mechack alitoka mbio, shati nje. Alipaza sauti wafunge mikanda, wafunge sasa hivi.

"Tutafunga, shefu," Kazadi alimjibu kutoka juu. "Lakini na mukaba, maduka makumi ine na tano haiwezekane. Andika makumi mbili na munane, sawa zamani. Ukimaliza kuandika, tunafunga."

Mechack alisimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi. Mwadi alimpita, akaingia ofisini.

Beya alikuwa ameshafika na simu ilikuwa inaita mezani. Mwadi aliumwaga mfuko mbele yake, vyuma ishirini na vitano vikasambaa juu ya mafaili, kimoja kikaangukia kikombe cha kahawa. Juu yake akaiweka karatasi. Beya aliigeuza kutafuta saini, hakuiona. Simu iliendelea kuita. Aliipokea kwa Kifaransa, na alipoanza kusikiliza, akasimama. Mwadi hakuhitaji mkalimani, alielewa kwamba huko mgodini kuna mtu ameona majina ishirini na matano kwa wakati mmoja na anauliza maswali. Beya alisema ndiyo, ndiyo, ni hitilafu ya mitambo, tunashughulikia. Akakata simu.

"Mama, toka na bile bitu kwanza, tutaongea nyuma."

"Boni," Mwadi alisema.

"Nilikuambia jana—"

"Jana uliniuliza kama naijua hii kitu, nikakudanganya. Leo nakujibu. Naijua. Nilishona thelathini, Shefu Mechack njo alileta, na weye uliongeza maduka. Andika boni, ama ile simu ikilia tena nitaipokea miye."

Ilikuwa inalia tena. Beya aliitazama, akamtazama Mwadi, akavuta kitabu cha boni. Aliandika vibaya jina la Kabemba, Mwadi akamfanya aandike upya. Aligonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukuonekana. Kisha Mwadi akakusanya vyuma vyake vyote mezani, pamoja na ule mkia wa kwenye plastiki, akahesabu kwa sauti. Ishirini na sita. Akauliza mingine minne iko wapi. Beya hakujua, hakuwahi kujali kujua. Ni Mechack, akiwa mlangoni, aliyejibu kwamba malori manne yameondoka saa kumi alfajiri kwenda Dilolo, kupeleka bia mpakani.

"Nani na nani?"

Mechack alitaja majina. La mwisho lilikuwa la Nasoro.

Langoni Mukuna alikuwa ameshafuta namba na kitambaa kiko mkononi. Ubao ulisema SIKU, halafu nafasi tupu, halafu BILA AJALI. Alimuuliza Mwadi, nusu mzaha, aandike ngapi. Mwadi alimwambia hizo hesabu ni zao, yeye ana haraka.

Walimwingiza Kabemba chumba cha upasuaji saa tano. Muuguzi aliipokea boni kwa mikono miwili, akaukagua muhuri, akatabasamu kama vile hajawahi kumnyima mtu kitu. Mwadi alitamani kulia, akatamani pia kumpiga kofi, hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikaa sakafuni kwenye ukumbi, mgongo ukutani, akatoa simu.

Madereva watatu wa Dilolo walikuwa hawapatikani. Nasoro alipokea, alikuwa amepita Mutshatsha, na sauti yake ilikuja pamoja na ngurumo ya injini na redio. Aliuliza kuhusu mgonjwa kabla ya salamu. Alishukuru Mungu waziwazi aliposikia boni imepatikana.

"Nasoro, ulifunga mukaba?"

"Nilifunga, mama."

Mwadi alibana simu sikioni. Alisikia redio, injini, upepo wa dirishani. Hakusikia bip. Lakini kutosikia bip hakukumwambia kitu, maana ndicho alichoshona: mtu aliyefungwa na mtu asiyefungwa wawe na kimya kimoja.

"Kama ni mukia, utoshe," alisema. "Tosha nisikie."

"Mama Falonne, niko njiani."

"Tosha, Nasoro. Ulibeba Kabemba na mikono yako."

Redio ilizimwa. Halafu ikaja, mbali na dhaifu, bip, bip, bip, na Mwadi akafumba macho. Basi kuna kitu kimechomolewa, mkia au mkanda wa kweli. Akahesabu bip saba.

"Sasa funga mukaba. Ya kweli."

Kukawa na sauti ya kitambaa kikiburutwa, au ya mkono kwenye suruali, hakuweza kujua. Kisha mlio mdogo wa chuma kuingia kwenye chuma. Kisha kimya.

"Nimefunga," Nasoro alisema. "Usiogope, mama. Bado niko na maduka mingi leo, wacha niende."

Akakata. Mwadi aliendelea kuishika simu sikioni. Mlango wa upasuaji ulikuwa umefungwa na taa yake nyekundu inawaka. Alijaribu kuukumbuka vizuri ule mlio wa mwisho, akaurudia kichwani mara nyingi, akitafuta tofauti. Hapakuwa na tofauti. Alikuwa ameijaribu mikia yote thelathini mwenyewe, mmoja mmoja, kabla ya kumkabidhi Mechack, na alihakikisha kila mmoja ukiingia unatoa mlio uleule wa mkanda wa kweli.